Miaka 10 ya ndoa kwa miguu: Koyasan na Kumano Kodo, Japani, siku 9. Ratiba hii inakaaje?

Wawili_Njiani anauliza:

Wakuu habari za kazi.

Wiki ya kwanza ya Novemba tunatimiza miaka 10 ya ndoa. Hoteli ya ufukweni tumeikataa wote wawili, na Tokyo pia. Tumeangukia rasi ya Kii, kusini mwa Osaka: njia za mahujaji za Kumano Kodo, pamoja na usiku mmoja hekaluni Koyasan. Tuna siku 9, kuanzia kutua uwanja wa Kansai hadi kupanda ndege ya kurudi.

Rasimu yetu: siku ya 1 tulale Osaka. Ya 2 Koyasan. Ya 3 na ya 4 tutembee kutoka Koyasan hadi Hongu kwa njia ya Kohechi. Ya 5 tupumzike Yunomine kwenye maji ya moto. Ya 6 na ya 7 tuvuke milima hadi maporomoko ya Nachi. Ya 8 turudi Osaka, ya 9 ndege.

Mambo matatu yanatutatiza. Mke wangu ana goti lisilopenda kushuka mteremko mrefu. Mimi sina mazoea ya kuoga uchi mbele za watu, na nasikia huko ndiyo kawaida. Na hatuli nguruwe wala chakula kilichopikwa na pombe. Je, safari hii itawezekana, au tunajidanganya?

Kijiti_cha_Mwerezi anajibu:

Safari inawezekana, ila rasimu hiyo haiwezekani. Kohechi ina kilomita zipatazo 70 na inavuka vipito vitatu vya milima vyenye kimo cha zaidi ya mita 1,000. Wazoefu huigawa siku 4, na kila siku wanapanda asubuhi na kushuka mchana kutwa. Kuibana siku 2 ukiwa na goti bovu ni kujitafutia machela. Ogumotori-goe, kile kipande cha mwisho kuelekea Nachi, nayo msiidharau kwa sababu ni kilomita 14.5 tu. Ukitokea kijiji cha Koguchi unapanda takribani mita 800 kwa mkupuo mmoja, kwenye mteremko ambao Wajapani wenyewe wanauita Dogiri-zaka, yaani mlima wa kukata kiwiliwili. Ukishamaliza kupanda bado una ngazi za mawe za kushuka hadi Nachi, na hizo ndizo zinazoua magoti.

Njia inayowafaa inaitwa Nakahechi. Inaanzia Takijiri-oji, karibu na mji wa Tanabe, hadi hekalu kuu la Kishinto la Hongu: kilomita 38 hivi. Uzuri wake ni kwamba barabara yenye basi inafuatana nayo sehemu kubwa, kwa hiyo unachagua vipande vya kutembea na vingine unaviruka bila kuhisi umeshindwa. Kwa nyinyi ningekata hivi.

Kipande cha kwanza ni Takijiri hadi kijiji cha Takahara. Ni kilomita 4 tu, lakini msiipime kwa kilomita, maana tangu hatua ya kwanza ni kupanda juu ya mizizi ya miti. Tengeni saa 2 na nusu hadi 3. Dakika chache baada ya kuanza mtakuta jiwe kubwa lenye upenyo wa giza katikati, Tainai-kuguri. Anayetaka anavua begi la mgongoni na kupenya humo kwa tumbo hadi atokee upande wa juu. Inaaminiwa kuwa mwanamke akipita hapo hujifungua salama. Mwenye bega pana apite kando tu, njia ipo. Takahara iko ukingoni mwa mlima, na asubuhi ukungu hulala bondeni chini ya kijiji. Laleni hapo.

Kesho yake Takahara hadi Chikatsuyu, kilomita 9 na ushee, mwendo wa saa 4 hadi 5. Njiani hakuna duka la chakula, hivyo agizeni chakula cha kubeba kwa mwenyeji mnapofanya buking. Mkimwambia asubuhi ya kuondoka hamtapata kitu.

Siku ya tatu rukeni. Chikatsuyu hadi Hongu kwa miguu ni kilomita 25 hivi, na kuna mchepuko uliowekwa tangu kimbunga cha mwaka 2011 kiporomoshe mlima, wenye kupanda na kushuka kwake. Pandeni basi hadi Hosshinmon-oji, moja kwa moja au kwa kubadili Hongu, kisha mtembee kilomita 7 za mwisho. Hiki ndicho kipande kitamu kuliko vyote: kushuka kwa upole, mashamba ya chai, nyumba za wakulima na msitu mrefu. Katikati yake ni Fushiogami-oji, mahali ambapo mahujaji wa zamani waliona Hongu kwa mara ya kwanza bondeni wakaanguka kusujudu. Kaeni hapo mle chakula chenu.

Mkifika Hongu msiishie hekaluni juu ya ngazi 158. Shukeni hadi Oyunohara, uwanja ulio kando ya mto, dakika 10 kwa miguu. Hekalu lilikuwa hapo hadi mafuriko ya mwaka 1889 yalipolisomba, na sehemu zilizonusurika zikahamishiwa juu. Leo limebaki lango la torii la chuma, kimo chake mita 33.9, lililosimamishwa mwaka 2000. Na yule kunguru wa miguu mitatu mtakayemwona kwenye bendera zote ni Yatagarasu, mjumbe wa miungu wa Kumano. Ndiye aliyeko pia kwenye nembo ya shirikisho la soka la Japani, kama mlikuwa mnajiuliza mmemwona wapi.

Jambo la mwisho kuhusu goti: bebeni fimbo mbili za kutembelea kila mtu, zenye mipira kwenye ncha. Ncha tupu za chuma hutoboa njia ya kale na huteleza juu ya mawe. Mawe hayo yana kuvu la kijani, na siku mbili baada ya mvua bado ni kama sabuni. Rasi ya Kii ni kati ya sehemu zinazonyeshewa zaidi Japani, kwa hiyo koti la mvua na suruali yake havina mjadala. Mwavuli uacheni Osaka.

Bi_Tatami anajibu:

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu njia. Mimi niseme ya kulala, kula na kuoga, maana hapo ndipo wanandoa wengi wanapopata mshtuko.

Kwanza kabisa, bei. Vijumba vya wageni vya kifamilia, wanaviita minshuku, huandika bei kwa mtu mmoja na siyo kwa chumba. Bei hiyo huwa na chakula cha jioni na cha asubuhi. Ukiona yeni 13,000, nyinyi wawili ni 26,000 kwa usiku mmoja. Watu hupanga bajeti nusu, kisha hulia wakifika. Ukijumlisha hekalu na vijumba, wekeni kati ya yeni 25,000 na 40,000 kwa usiku kwa watu wawili, na mle vizuri.

Vitanda vitafuteni kabla ya kitu kingine chochote. Takahara na Yunomine zina nyumba za kuhesabika kwa vidole, na mwanzoni mwa Novemba majani yanapobadilika rangi Koyasan hujaa mapema. Ofisi ya utalii ya Tanabe ina mtandao wa buking uitwao Kumano Travel, ambao unaunganisha vijumba vya njia nzima, wasafirisha mizigo na mashua. Jueni kwamba hapo mnatuma ombi, kisha mtu anawasiliana na mwenyeji, ndipo mnajibiwa baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo pendekezeni chaguo la pili na la tatu katika ombi hilo hilo. Wakikosa Takahara, ratiba nzima inabidi isogee.

Chakula cha jioni ni saa 12 kamili, pengine saa 11 na nusu. Siyo mgahawa wa kuingia unapotaka. Chakula kimepikwa kwa ajili yenu, kinaanza kupoa. Mkichelewa basi mmemuudhi mama mwenye nyumba, na hatasema.

Sasa hilo la nguruwe na pombe. Hekaluni Koyasan chakula ni shojin-ryori, hakina nyama, samaki, vitunguu wala kitunguu saumu. Supu inachemshwa kwa mwani na uyoga mkavu. Mtakula tofu ya ufuta, laini kama malai, na koya-dofu, tofu iliyogandishwa na kukaushwa, ambayo hunyonya mchuzi kama sponji. Nguruwe hakuna kabisa. Tatizo ni pombe ya kupikia: sake na mirin huingia kwenye mchuzi hata wa mahekalu, na hata bia huuzwa mezani (watawa wa zamani waliiita sake “maji ya hekima”, wakajipatia njia ya kutokea). Kwa hiyo andikeni kwenye ombi la buking, kwa maneno haya: hatuli nguruwe, wala kitu kilichotiwa sake au mirin. Msiandike neno “halali” peke yake, kwa sababu mama wa kijijini hajui linahusisha nini. Mwambieni vitu vyenyewe. Na mwambieni mapema, siyo mlangoni. Duka la karibu linaweza kuwa mwendo wa nusu saa kwa gari.

Kuoga. Mabafu ya Japani yametengwa, wanaume huku na wanawake kule. Maana yake ni kwamba, mkifika Yunomine, kila mmoja anaingia kwake na mnakutana mkishavaa. Kama mlidhani mtakaa pamoja mkiangalia mvuke, tafuteni neno kashikiri, yaani bafu la kukodi peke yenu. Vijumba vingi vidogo vina bafu moja au mawili tu, na mkiingia mnafunga mlango kwa ndani. Hilo linamaliza tatizo lako, mkuu, bila aibu yoyote.

Lakini sababu ya kwenda Yunomine kwenye maadhimisho ya ndoa ni Tsuboyu. Ni kibanda cha mbao kilichokaa juu ya kijito katikati ya kijiji, kipana kama chumba kidogo cha kulia. Ndani unashuka vidato vichache hadi kwenye shimo la mwamba lililojaa maji ya moto yenye rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la buluu, na wanasema rangi hubadilika mara saba kwa siku. Linatosha watu wawili, wa tatu angebana. Liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na njia zenyewe, tangu mwaka 2004, na bado watu wanaoga humo kila siku.

Utaratibu wake: hakuna buking. Unakwenda kwenye dirisha la bafu la umma lililo jirani, unalipa takribani yeni 800 kwa mtu mzima, unapewa kibao chenye namba. Zamu ikifika mnaingia wawili, mnatundika kibao nje, mlango mnaufunga, mna dakika 30. Foleni huanza kukua kuanzia saa 9 alasiri, watembea kwa miguu wanapofika. Asubuhi na mapema, au kabla ya adhuhuri, mara nyingi mnapita moja kwa moja. Sabuni na shampuu haviruhusiwi, maana maji yanaingia kijitoni. Ogeni kwanza kwenye bafu la umma. Maji yakiwa makali mno, korogeni na mchanganye na maji baridi, msirukie. Kaeni dakika tano, tokeni mketi ukingoni, rudini tena. Mwenye presha aongee na daktari kabla ya safari.

Na pete! Maji yana salfa. Pete ya fedha itatoka nyeusi kama chungu, na ya dhahabu iliyochanganywa na fedha au shaba inaweza kufifia. Vueni kijumbani, wekeni ndani ya soksi iliyofungwa, siyo ukingoni mwa kijito.

Wawili_Njiani:

Asanteni sana. Kohechi imefutwa. Tumebaki na maswali: kwenye hekalu kuna nini hasa cha kufanya kwa usiku mmoja, na kutoka Koyasan hadi Tanabe tunafikaje? Pia mizigo. Tuna sanduku moja kubwa, hatuna nia ya kulipandisha mlimani.

Saa_Ishirini_na_Nne anajibu:

Nianze na reli. Kutoka kituo cha Namba, Osaka, mnapanda treni ya Nankai hadi Gokurakubashi. Ya moja kwa moja yenye viti vya kulipia hutumia kama saa moja na dakika 20. Hapo mnaingia kwenye kiberenge cha kuvutwa kwa kebo, dakika 5 kupanda, kisha basi dakika 10 hadi mjini. Msijaribu kutembea kutoka kituo cha juu: ile barabara ni ya mabasi tu, wenye miguu hawaruhusiwi.

Kutoka Koyasan kuelekea Kumano kuna basi la msimu, halipo wakati wa baridi na linahitaji buking. Angalieni kama siku yenu lipo. Kama halipo, rudini chini kwa Nankai hadi Hashimoto, badilini kwa treni ya JR hadi Wakayama, hapo mpande treni ya haraka iitwayo Kuroshio hadi Kii-Tanabe, kituo cha mji wa Tanabe. Saa 4 hadi 5 kwa jumla. Siku hiyo msipange kitu kingine, laleni Tanabe.

Pasi ya reli ya Japani nzima achaneni nayo. Oktoba 2023 ya siku 7 ilipandishwa hadi yeni 50,000 kwa mtu, na wala haifanyi kazi kwenye treni za Nankai. Ipo pasi ya siku 5 ya JR West ya Kansai pana, ambayo inafika hadi mji wa Shingu na inaruhusu Kuroshio. Jumlisheni nauli zenu kwanza. Kwenda na kurudi tu kwa Kuroshio kutoka Osaka hadi kusini kunaweza kukaribia bei yake.

Mabasi ya mlimani: unaingia mlango wa nyuma, unachomoa kikaratasi chenye namba kwenye mashine. Juu ya dereva kuna ubao. Namba yako ndiyo inayoonyesha nauli, na inapanda kadiri mnavyokwenda. Unalipa ukishuka mlango wa mbele, hela kamili, ukitumbukiza na kikaratasi. Mashine inachenji sarafu na noti ya yeni 1,000. Noti ya 10,000 itamfanya dereva asimame na basi zima likusubiri. Toeni hela taslimu Tanabe, kwenye mashine za 7-Eleven au za posta, maana vijumba vingi havipokei kadi. Ratiba zimeandikwa kwa saa 24: wakiandika 17:30 ndiyo saa 11 na nusu jioni. Kwa sisi tuliozoea saa za Kiswahili hapa ndipo pa kukosea, na baadhi ya mabasi hayo ni machache mno kwa siku. La mwisho likikuacha, limekuacha.

Sanduku. Kampuni za kusafirisha vifurushi zipo kila mahali; hoteli ya Osaka itawajazia fomu ya kulipeleka hadi hoteli ya mwisho, linafika kesho yake au keshokutwa. Nyinyi bakini na begi la mgongoni kila mmoja. Halafu kwenye njia yenyewe kuna gari la mizigo la kijumba hadi kijumba: unaacha begi asubuhi, unalikuta jioni. Hilo hukodishwa mapema, siyo papo hapo. Pasipoti msiiweke humo. Sheria ya Japani inamtaka mgeni atembee nayo muda wote.

Na dawa: kwa goti msibebe zenye kodeini, na za mafua zenye pseudoefedrini zina masharti. Uwanja wa ndege wako makini.

Bi_Tatami:

Kuhusu hekalu. Koyasan, yaani mlima Koya, ilianzishwa na mtawa Kukai mwaka 816, na leo ina mahekalu 117. Kama 50 hivi yanapokea wageni. Mnalala juu ya tatami, mikeka minene ya sakafuni, godoro jembamba la futoni linatandikwa mkiwa mezani. Kuta ni za karatasi na mbao. Nasema kwa heshima: chumba cha pili wanasikia hata mkigeuka. Kama hiyo ndiyo tarehe yenyewe ya ndoa, hekaluni siyo mahali pake, iwekeni Yunomine.

Pia kuna baridi. Mji uko kwenye kimo cha mita 800 hivi, na Novemba usiku halijoto hushuka karibu na sifuri. Kuna kihita chumbani, ila korido ya kwenda msalani ni barafu. Viatu mnaacha mlangoni. Korido ni ndara. Juu ya tatami ni soksi tu. Msalani kuna ndara zake nyingine. Kosa la kila mgeni ni kutoka msalani na zile zile hadi mezani. Na yukata mnayopewa, vazi jepesi la kujifunga: upande wa kushoto uje juu ya wa kulia, kwa wote, mke na mume. Wa kulia ukiwa juu, hivyo ndivyo maiti anavyovikwa.

Asubuhi saa 12 au na nusu kuna ibada, mgeni anaruhusiwa kukaa nyuma kimya. Baadhi ya mahekalu, Eko-in mojawapo, yana goma, ibada ya moto: mtawa anachoma vijiti vya mbao huku ngoma ikipigwa, na moto unapanda karibu na dari. Kama ibada ya dini nyingine inawakwaza, hakuna anayewalazimisha. Ulizeni tu jioni yake.

Okunoin iendeni mara mbili, jioni na asubuhi. Ni makaburi ndani ya msitu wa mierezi, kilomita 2 kutoka daraja la Ichi-no-hashi hadi kaburi la Kukai, na mawe ya kaburi zaidi ya 200,000. Waumini wanaamini hajafa mwaka 835, yuko kwenye taamuli, kwa hiyo watawa wanampelekea chakula mara mbili kila siku, saa 12 asubuhi na saa 4 na nusu. Mkisimama karibu na daraja la Gobyobashi mtaliona sanduku la mbao likibebwa. Mkivuka daraja hilo, kamera ndani, kofia mkononi, hakuna kula wala kunywa. Upande mwingine wa makaburi kuna ya kampuni: moja lina roketi, jingine limewekwa na chama cha wauaji wa mchwa kuwaombea mchwa waliowaua. Siyo utani.

Kwa shemeji kuna jambo la kuona: Nyonin-do, kibanda kilicho ukingoni mwa mji. Wanawake walipigwa marufuku kuingia Koyasan kwa karne nyingi, hadi serikali ilipofuta katazo mwaka 1872, hivyo walikuwa wanaishia kwenye vibanda saba vya pembeni. Kimebaki hicho kimoja. Kumano, kwa upande wake, iliwapokea wanawake tangu zamani, na hiyo ni sababu yangu ya kupenda safari hii iende kutoka Koyasan kuelekea Kumano, siyo kinyume. Ila mkiangalia ramani mkaona Sanjogatake katika mlima Omine, msiiongeze: hadi leo wanawake hawaruhusiwi huko.

Kijiti_cha_Mwerezi:

Hapo kwa Koyasan mimi natofautiana kidogo. Siyo pabaya, lakini inawala siku 2 kati ya 9, pamoja na ile siku ya treni. Angalieni hesabu:

Siku ya 1 Osaka. Ya 2 Koyasan. Ya 3 safari hadi Tanabe. Ya 4 Takahara. Ya 5 Chikatsuyu. Ya 6 Hosshinmon, Hongu, kulala Yunomine. Ya 7 Yunomine tena. Ya 8 kurudi Osaka. Ya 9 ndege.

Nachi imetoka. Ukiitaka, na maporomoko yake ya mita 133 yanastahili, basi Koyasan itoke. Halafu siku ya 8 mashua ya mbao ya mto Kumano, saa moja na nusu hadi Shingu, haitaingia. Msijaribu kubana vyote kwa kulala Kii-Katsuura, mji ulio karibu na Nachi, usiku wa kuamkia ndege. Kutoka huko hadi Osaka ni kama saa 4 kwa treni inayopita ufukweni, na mvua kubwa ikinyesha husimamishwa. Usiku wa mwisho uwe Osaka au karibu na uwanja.

Saa_Ishirini_na_Nne:

Naunga mkono usiku wa mwisho Osaka. Ila siku ya 7 isiguswe. Wengi huikata hiyo kwanza kwa sababu “haina kitu”, na ndiyo siku pekee ambayo hakuna basi la kukimbiza.

Wawili_Njiani:

Tumekubaliana: Koyasan inabaki, Nachi itasubiri. Tarehe yenyewe tumeihamishia siku ya 7. Swali la mwisho: mbali na Tsuboyu, siku nzima Yunomine tutafanya nini? Na saa ngapi tuondoke vijumbani zile siku za kutembea?

Kijiti_cha_Mwerezi:

Ondokeni saa 2 asubuhi, isizidi saa 3. Mapema Novemba jua linazama karibu saa 11 jioni, na ndani ya mierezi giza huingia saa nzima kabla. Tochi ya kichwani kila mtu, hata kama mnadhani hamtaihitaji. Mkiona nyigu wakubwa wa rangi ya chungwa wakizunguka, rudini nyuma polepole bila kuwapunga. Wa mwisho wa msimu bado wapo siku za joto.

Kama siku ya 7 goti litakuwa limepoa, kuna kipande cha Dainichi-goe kati ya Yunomine na Hongu, kilomita 3 na kitu, saa moja na nusu hivi. Ni kifupi ila kina ngazi pande zote mbili. Goti likiuma, msikiguse.

Bi_Tatami:

Yunomine kijijini kuna Yuzutsu, kisima cha mawe kando ya kijito chenye maji ya nyuzi 90 hivi. Hicho ni cha kupikia, msitie mkono. Nunueni mayai kwenye duka la jirani, yanauzwa yakiwa ndani ya kijifuko cha wavu chenye kamba. Ning'inizeni kwenye ndoano, dakika 10 hadi 12 yakomae. Viazi vitamu vinahitaji nusu saa au zaidi. Chumvi ombeni dukani.

Halafu tembeeni hadi Kurumazuka, kilima kidogo nje ya kijiji. Kuna simulizi la Oguri Hangan, shujaa aliyeuawa kwa sumu, akarudishwa duniani akiwa mwili usioona wala kusema. Alivutwa kwenye mkokoteni na wapita njia hadi Yunomine, na kwa siku kadhaa aliyeuvuta mkokoteni alikuwa mpenzi wake Terute, bila kujua aliyemo ni nani. Alioga Tsuboyu siku 49 akapona, na mkokoteni inasemekana umezikwa hapo kilimani. Msimsimulie mwenzako mkiwa Osaka. Ngojeni mshike kibao cha namba mkononi, mmekaa kwenye benchi mkisubiri zamu.